Nywele za Aziza na Maji ya Raskazone

Mwezi uliopita niliweka chanuo chini. Vidole vya mkono wangu wa kulia havikunjiki tena kama zamani, na msusi asiyekunja vidole hana tofauti na muadhini aliyepotewa na sauti: watu watamheshimu, lakini hawatamsikia. Ninyi vijana wa saluni mmeniomba niandike nilivyoianza kazi hii. Ya kufungua duka, ya kulipanua na ya vyeti mlivyovitundika ukutani nayaruka, hayana utamu. Nitawaeleza ya miaka ya hamsini, nilipokuwa sijui kitu, kwa sababu ndiyo miaka niliyoona mambo yaliyonifunga mdomo.

Mama alinipeleka Nguvumali kwa Bi Mwanakombo nikiwa na miaka kumi na sita. Bi Mwanakombo alikuwa mzaliwa wa Pangani, mwembamba, mchache wa maneno, na katika mitaa yetu hapakuwa na bibi harusi aliyetolewa nje bila kupita mikononi mwake. Tulimkuta uani, amekaa juu ya kigoda, kichwa cha mteja kimelala mapajani mwake.

“Shikamoo, Bi Mwanakombo,” nilisema.

“Marahaba. Lete mikono.”

Nikampa. Aliigeuza, akainusa, akapitisha kidole gumba juu ya kucha zangu.

“Kakate kucha, urudi kesho.”

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Ilikuwa fupi kuliko njia ya kwenda.

Siku arobaini zilizofuata sikuruhusiwa kusuka hata msuko mmoja. Nilifumua, nikaosha, nikapaka mafuta. Siku nyingine alinifunga macho kwa ushungi wake akanitaka nimsomee kichwa kwa vidole: wapi pakavu, wapi pana mba, wapi nywele zimekonda kwa kubebea mizigo. Nikikosea alicheka kwa pua. Nikipatia hakusema kitu, na kwake kutosema kitu kulikuwa ndiyo cheti.

Katika siku hizo za kufumua tu ndipo nilipoanza kustaajabu. Nilikuwa na nywele kichwani tangu kuzaliwa, wala sikupata kuzitazama. Chukua unywele mmoja wa mtu wetu, uvute kwa ncha mbili: utanyooka, utarefuka, mpaka udhani ni wa mtu mwingine. Uachie. Unarudi ulivyoumbwa, pete juu ya pete, kama kwamba hujapata kuugusa. Nilifanya hivyo mara nyingi siku ya kwanza hata mteja akauliza kama nimelala. Nilikuwa namtaja Mola kimoyomoyo.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Machanuo matatu ya mbao, makubwa kwa madogo. Mwiba wa nungunungu wa kugawia njia, ambao Bi Mwanakombo hakumwazima mtu. Kopo la mafuta ya nazi tuliyoyapika wenyewe kwa tui, na mfuko wa majani makavu ya mkunazi, ambayo ukiyatwanga na kuyatia maji hutoa povu laini la kuoshea kichwa. Halafu kulikuwa na kitana cha moto. Kitana hiki cha chuma kilianza kuletwa na watu waliotoka Mombasa. Unakiweka juu ya makaa, unakipitisha kwenye nywele zilizopakwa mafuta, nazo zinalala chini zikitoa moshi. Zinabaki zimelala mpaka jasho litoke, na Tanga jasho halingoji kualikwa.

“Kitana hiki kilitengenezewa watu wakaao kwenye barafu,” Bi Mwanakombo alisema. Alikuwa nacho lakini, kwa sababu wateja walikitaka.

Mwaka wangu wa tatu, macho ya Bi Mwanakombo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ndipo asubuhi moja alipokuja bibi mmoja jina lake Bi Hidaya, mzito, mwenye sauti ya kuamrisha, amemshika mkono mjukuu wake. Mjukuu aliitwa Aziza, msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye shingo ya kupendeza. Alitembelea fimbo. Alipokuwa na miaka tisa alipatwa na maradhi ya kupooza, na mguu wa kulia ukabaki mwembamba kama mkono. Mama yake alikwishafariki, kwa hiyo ni Bi Hidaya aliyembeba mgongoni, miaka miwili mizima, kwenda hospitali na kurudi. Mwisho daktari alisema kwamba nchi kavu mguu ule unashindwa na uzito wa mwili, ila majini utaweza kufanya kazi. Basi msichana aingie baharini kila siku, aogelee, na asiache. Jirani mmoja aliyezaliwa visiwani alimfunza. Nyumba yao haikuwa mbali na ufuko wa Raskazone, na tangu hapo Aziza hakukosa asubuhi hata moja. Aliacha magongo mawili akabaki na fimbo moja.

Bi Hidaya alimvua ushungi. “Tazameni.”

Nywele za katikati zilifika mabegani, zimenyooshwa kwa moto. Lakini kwenye panja na kisogoni zilikuwa zimekatikakatika kama majani yaliyoliwa na mbuzi.

“Ameposwa Pangani,” Bi Hidaya alisema. “Shangazi wa mume, Bi Saumu, ndiye aliyekuja kumtazama. Mguu aliuona, akanyamaza. Nikamfungulia nywele, akasema mashaallah. Mnanielewa? Mguu wameusamehe kwa ajili ya nywele. Harusi ni Mfunguo Sita, na leo tumo Mfunguo Tatu: miezi mitatu tu. Bahari inamla mtoto kichwa. Nywele zisiporudi, bahari basi.”

“Bibi, nikiiacha bahari mguu utakufa,” Aziza alisema taratibu.

“Na mume ukimkosa?”

Aziza aliusugua mguu wake kwa kiganja, juu chini, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Bi Mwanakombo alipitisha vidole kichwani mwa yule msichana, muda mrefu. Kisha akaelekeza uso upande wangu.

“Huyu wako, Riziki.”

Sikuwa nimepata kupewa kichwa peke yangu. Nilijiona mkubwa, na ukubwa ule ndio ulioniponza. Nilijiambia: adui ni chumvi, basi nimzuie asipate pa kuingilia. Nikampaka mafuta tele, nikamsuka twende kilioni nyembamba nyembamba, nimezivuta hasa, zimekaza kama mkeka mpya. Majirani walisifu. Aziza alisema anaona tabu kufumba macho, nikamwambia atazoea. Nayaandika haya ili muone kwamba nami nilipata kusema neno hilo ambalo ninyi mnalisema kila siku.

Baada ya wiki mbili alirudi na vipele mstari mzima wa paji la uso. Nilipofumua, nywele changa za panjani zilinijia mkononi na vijishina vyake vyeupe. Hazikukatika, ziling'oka. Nikamwita Bi Mwanakombo. Alikuja, akapapasa.

“Nani kafanya haya?”

“Mimi.”

“Basi bahari haina kesi hapa. Bahari haijamng'oa mtu nywele. Umemng'oa wewe.” Akapangusa vidole kwenye kanga yake. “Umepata kumwona akiogelea?”

“La.”

“Fundi viatu hutazama mtu anavyotembea. Wewe umetazama nini?”

Nilimwomba Aziza radhi. Alinitazama akacheka, na cheko lile liliniuma kuliko kama angenitukana. “Njoo kesho asubuhi, Dada Riziki,” alisema. “Bibi yangu mwenyewe hajapata kuja. Anasema hawezi kuona maji yakinifunika.”

Kesho yake nilikwenda. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Tulipita nyuma ya nyumba za Wazungu, tukateremka penye mawe ambapo wanawake waliweza kuoga bila kutazamwa. Kutoka njiani mpaka kwenye maji ni hatua chache, lakini mchangani fimbo ilizama na mguu uliburuta, na Aziza alianguka mara mbili. Mara zote mbili aliukataa mkono wangu. Alikuwa amevaa shati refu na kanga iliyofungwa kibwebwe. Alipofika penye maji ya goti aliiinua fimbo akairusha nyuma, ikaanguka mchangani karibu yangu. Kisha akalala juu ya maji.

Sijui nieleze vipi. Yule mtu aliyekuwa akiburuta mguu hakuwapo tena. Mabega yalifunguka, mikono ikawa inapokezana bila haraka, na mwili wote ukanyooka ukapita kama uzi unavyopita kwenye sindano. Hakupiga kelele ya maji. Mbele kabisa kulikuwa na boya la kuongozea meli, jekundu, mimi nililiona dogo kama kibuyu. Alikwenda mpaka pale. Nilipoteza kichwa chake mara mbili baina ya mawimbi, na mara mbili nikahesabu pumzi mpaka kikatokea. Alipolifikia boya alilishika, akageuka, akanipungia mkono. Halafu akarudi, kwa mwendo ule ule, kama mtu aliyekwenda dukani.

Nilikuwa nimeona vichwa vingi kwa miaka mitatu. Sikuwa nimepata kuona kilichokibeba kichwa.

Ila nilikuja kazini, kwa hiyo nilijikaza nikatazama. Alipotoka, akitambaa kwa mikono kwenye maji machache, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukamua nywele kwa nguvu kama mtu anayekamua nguo. Kisha akatoa kitana chembamba cha chuma, akachana kutoka shinani kwenda nchani, na nywele zimelowa, nikasikia zikikatika. Kisha akazifunga, zimelowa vile vile, kwa kitambaa kigumu cha marekani, fundo la kukaza, na juu yake ushungi.

“Unafungua saa ngapi?” nikauliza.

“Jioni. Bibi hapendi nipite njiani na nywele zinazochuruzika.”

“Na chumvi?”

“Chumvi gani?”

“Na kitana cha moto?”

“Kila Alhamisi. Bibi anasema wakija wageni ghafla wazikute ndefu.”

Nikakaa chini juu ya jiwe. Alikuwa akichukua nywele zilizokauka na chumvi ndani yake, wiki nzima, kisha Alhamisi anazipaka mafuta anazipitishia chuma cha moto. Alikuwa anazikaanga. Na kile kidogo kilichopona katika kikaango nilikuja nikakinyofoa mimi.

Nilirudi Nguvumali nikamweleza Bi Mwanakombo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sasa umefika kazini.”

Mambo tuliyoyafanya kuanzia siku hiyo mnayajua kwa kuwa mmenisikia nikiyarudia mpaka mkachoka, lakini hamjui yalikotoka. Yalitoka pale mawe ya Raskazone. Kabla ya kuingia baharini nilimlowesha Aziza nywele kwa maji matamu, zikashiba. Kilichoshiba maji matamu hakinywi chumvi nyingi. Juu yake mafuta ya nazi. Nikamsuka mabutu manene, manane, yaliyolegea kiasi kwamba aliweza kukunja paji la uso akalikunjua. Akitoka majini, maji matamu tena, mengi, mpaka nikionja ncha ya unywele nisipate chumvi. Hakuna kukamua. Hakuna kitana mpaka zikauke, na zikikauka ni chanuo pana, kuanzia nchani kupanda juu. Akae kivulini kichwa wazi mpaka kisogo kikauke kabisa. Kila Ijumaa majani ya mkunazi. Kwenye panja tone la mafuta ya nyonyo, kwa ncha ya kidole, bila kusugua. Kitana cha moto marufuku.

Jambo moja sikulifikiria: pale ufukweni hapakuwa na maji matamu. Ilibidi mtu ayabebe. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilitoka Nguvumali na debe kichwani, limejaa nusu, mpaka Raskazone. Na atakayewaambia njia ile ni fupi hajapata kuitembea na maji juu ya utosi. Wiki ya tatu kichwa changu mwenyewe kilianza kuwasha. Nikajipapasa: chini ya kata ya debe pamekuwa na chumvi ya jasho, kavu, kama unga. Nikacheka peke yangu njiani. Bahari niliyokuwa nikipigana nayo kichwani mwa Aziza nilikuwa nimeibeba mwenyewe. Tangu siku ile sijapata kutofautisha maji ya bahari na jasho. Mkimbiaji, mcheza mpira wa wavu, mpagazi, mwogeleaji, wote nawaosha kwa sheria moja. Na hawa wasichana wanaokuja kwenu siku hizi na nywele za dawa, wanaokimbia alfajiri barabara nzima: msiwatie dawa siku waliyotoka jasho wakajikuna. Ngozi iliyokunwa ni mlango wazi, na dawa haibishi hodi.

Aziza alibadilika polepole. Mwezi wa kwanza hakukuonekana kitu, zaidi ya kwamba vipele vilikauka. Mwezi wa pili, asubuhi moja akiwa amekaa kivulini, nilipitisha kidole kwenye panja la kushoto nikahisi kitu kama kitambaa cha mahameli. Nikamgeuza kwenye jua. Zilikuwa zimeota. Fupi, laini, zimejikunja tangu mwanzo, kila mmoja umejua njia yake bila kuelekezwa. Nilizitazama mpaka machozi yakanitoka, na Aziza akadhani kuna ubaya.

Lakini Bi Hidaya hakufurahi. Zile za katikati, kwa kukosa moto, zilikuwa zimejikunja zikapanda juu, na mtu asiyejua angesema zimepungua nusu.

“Nilikuletea mtoto mwenye nywele za mabegani,” aliniambia, “umenirudishia mwenye nywele za shingoni.”

“Ni zile zile, Bi Hidaya. Zimerudi zilivyo.”

“Bi Saumu hakuzisifu zilivyo. Alizisifu nilivyomwonyesha. Zikibaki wiki mbili kufika Mfunguo Sita, mtazichoma. Na bahari ataipumzisha mpaka harusi ipite.”

Sikubisha. Mtu aliyebeba mtoto mgongoni miaka miwili habishiwi na msichana wa miaka kumi na tisa. Ndiyo, mimi na Aziza tulikuwa rika moja, ingawa yeye aliniita dada kwa sababu ya chanuo.

Wiki mbili hazikufika. Bi Saumu, yule shangazi wa mume, alikuja mjini kwa mambo yake, akalala kwa jamaa zake, na asubuhi akabisha hodi kwa Bi Hidaya bila taarifa. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye macho madogo yasiyopitwa na kitu. Akamtaka bibi harusi. Bi Hidaya akasema ametoka. Ametoka kwenda wapi? Ikabidi aseme baharini. “Twende basi,” Bi Saumu akasema, “nami nimezaliwa pwani.”

Mimi nilikuwa ufukweni na debe langu. Niliwaona wakiteremka penye mawe, Bi Hidaya mbele akihema. Kitu cha kwanza alichokiona ni fimbo ya Aziza imelala mchangani peke yake.

“Mwanangu yuko wapi?” alipiga ukelele. “Riziki! Mwanangu yuko wapi?”

Nikanyoosha mkono. Aziza alikuwa amelipita boya. Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari, naye alikwenda mbali kuliko siku zote. Kilichoonekana ni kichwa, na mkono, na mkono mwingine. Bi Hidaya aliuma pindo la buibui. Kisha Aziza akageuka kurudi, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyoonekana mwili wote, umenyooka, mguu mwembamba na mguu mnene ikipiga maji kwa zamu, sawa kwa sawa, na nyuma yake maji yakifunga bila alama.

Bi Hidaya aliketi mchangani. “Ule mguu,” alisema. “Ule mguu niliufunga kwa vitambaa. Niliulalia ili upate joto.” Aliyasema hayo mara nyingi, kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa Bi Saumu.

Aziza alitoka majini akitambaa, akawaona. Sijui alisikia nini moyoni. Alishika fimbo niliyompa, akasimama, akamwamkia Bi Saumu shikamoo huku maji yakimchuruzika.

“Marahaba,” Bi Saumu alijibu. “Fungua nywele nizione.”

Nikamfungua mimi. Butu la kwanza, la pili, yote manane. Nywele zikasimama kukizunguka kichwa, nyeusi, nzito, zimejaa matone. Na pembeni zile changa, fupi, zimeishika ngozi.

“Hizi sizo nilizoonyeshwa,” alisema Bi Saumu.

“Zile zilichomwa moto ili uzipende, Bi Saumu,” Aziza alijibu. Sauti haikutikisika, mguu ndio uliotikisika. “Hizi ndizo zangu. Na mimi sitaacha kuogelea, nikiwa Tanga wala nikiwa Pangani. Kama haifai, ni heri isemwe leo kuliko baada ya harusi.”

Nilingoja Bi Hidaya amkemee. Badala yake aliinuka, akapangusa mchanga, akaja akaninyang'anya debe. Akamwinamisha mjukuu wake, akaanza kumwagia maji matamu kichwani kwa kiganja, taratibu, kama anavyoogeshwa mtoto wa siku saba. Aliongea bila kugeuka.

“Bi Saumu, nilikudanganya kwa chuma na mafuta. Nisamehe. Lakini nywele zitaota. Na zisipoota, anayetaka kitu kirefu cha kunyooka, Tanga imejaa mkonge, akaoe mkonge.”

Nilitazama chini. Hakuna neno baya zaidi ambalo lingeweza kusemwa mbele ya shangazi wa mume. Bi Saumu alitazama boya. Akautazama mguu. Akanyoosha mkono akakamata butu moja lililofumuliwa, akalivuta kidogo, akaliachia, na likarudi lilivyokuwa. Akavuta tena, akaachia tena. Nilimtambua uso: ulikuwa uso wangu wa siku zile za kufumua.

“Pangani mtoni pana mkondo mbaya,” alisema mwisho. “Usiogelee karibu na kivuko. Nitakuonyesha pa kuingilia.”

Harusi ilikuwa Mfunguo Sita kama ilivyopangwa. Bi Mwanakombo aliniachia kichwa chote, akakaa pembeni akikunja asumini. Sikumtia nyuzi wala nywele za mtu mwingine. Nilizigawa njia, nikazisuka kwa kulegeza, na za panjani, zilizokuwa hazijafika urefu wa kushikika, niliziacha wazi, nimezipaka mafuta zikang'aa. Wanawake wawili watatu walinong'ona. Bi Hidaya aliwatazama, wakaona wana haja ya kwenda jikoni.

Mguu wa Aziza haukunenepa, nisiwadanganye. Fimbo hakuiacha. Miaka iliyofuata nilikuwa nikienda Pangani kila baada ya miezi michache kumsuka, na nikiwa huko nilisuka nusu ya mtaa. Mara moja, mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, nilimkuta ana mimba ya pili, tumbo limemtangulia, nikadhani safari hii atakuwa amepumzika. Alinicheka. Tulikwenda pamoja pale alipoonyeshwa na Bi Saumu, mbali na mto, penye mchanga mweupe. Akaingia. Maji yalimbeba yeye na aliyemo, bila ugumu, kama kwamba hakuna kitu duniani kilicho kizito.

Mimi nilikuwa nimesimama pwani, nimesukwa siku ile ile kwa mkono wa mwanafunzi wangu niliyekuja naye. Nilikuwa nimewafundisha wanawake wangapi habari za maji ya bahari na nywele? Wala mimi mwenyewe maji yale yalikuwa hayajapata kunipita magoti.

“Njoo, Dada Riziki,” Aziza aliita. “Nitakushika.”

“Mimi ni mzee.”

“Una miaka mingapi?”

Nikaona haya kujibu. Nilifunga kanga kibwebwe nikaingia, mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani, nikipiga bismillahi kila hatua. Alinishika chini ya mgongo kwa mkono mmoja tu. Nilihisi miguu yangu ikiiacha ardhi, nikafumba macho, nikaacha shingo ilegee, na maji yakaja juu ya masikio, baridi, yakaingia kichwani yakipita katika kila njia, moja baada ya moja.